Shahidi Kwenye Chupa

Mzee Kina akilala mchana, hulala kweli. Wapo wanaojinyoosha tu kwenye kochi huku sikio moja likiwa barabarani, yeye huzama. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake ya kuchimba visima, maana hajawahi kuanza shimo akaliacha njiani, lakini mkewe hushikilia kwamba jina lile ni la usingizi, visima ni kisingizio tu. Mchana huo alizama mpaka akajikuta chini ya shimo, mahali anapopajua kuliko sebule yake mwenyewe: giza la baridi, harufu ya udongo mbichi, na juu kabisa duara la mbingu, dogo kama kisahani cha chai. Kuna mtu huko juu alikuwa akimsemesha kwa upole, na kila neno lilipokuwa likishuka liligeuka tone. Alipanua kinywa ayapokee. Hakupata hata moja, na kiu ikamwamsha.

Nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa kwa fundi cherehani wa jirani, kupimwa gauni na kupashana habari, zaidi kupashana habari. Binti yao alikuwa chumbani, akijipumzisha kwa sababu kesho yake alfajiri alikuwa na safari ya mtoni. Mzee aliburuta ndala mpaka jikoni, akafungua friji, akakuta chupa moja tu ya maji. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko wenyewe ndani ya mfuko mwingine. Alidhani ni usafi wa binti yake, maana mtoto huyo tangu aajiriwe maabara hata kijiko hukiosha mara tatu. Akafungua mafundo, akafungua kifuniko, akanywa maji yote bila kupumua.

Yalikuwa maji ya ajabu. Mzee Kina ameonja maji maisha yake yote. Mpe kikombe atakwambia kama yametoka kwenye changarawe au kwenye mfinyanzi, na kama mwenye kisima ana mti karibu. Kila maji yana kitu: chokaa kidogo, kutu kidogo, udongo. Haya hayakuwa na kitu. Yalipita kooni kana kwamba hayakupita, na kiu ikakatika bila yeye kujua imekatwa na nini. Alisimama mbele ya friji iliyo wazi, baridi ikimpuliza miguuni, asijue kama ameamka au bado yuko kule chini ya shimo. Ndipo alipoigeuza chupa na kuona kitako chake kina kipande cha karatasi ya gundi chenye alama ya kalamu ya binti yake. Alikuwa amekunywa kitu cha kazi.

Sasa, wachimbaji wa visima wana desturi yao. Aliye chini ya shimo hana wa kumtegemea ila walio juu, na dumu la maji ya kunywa hukaa ukingoni kwa ajili ya wote. Atakayelimaliza hulijaza papo hapo, kwa maji yasiyopungua uzuri wa yale aliyoyakuta, na haendi kutangaza. Anayetangaza kwamba amejaza dumu anataka ashukuriwe kwa maji, na mtu wa namna hiyo hashikishwi kamba ya mwenzake. Mzee alikuwa ameiishi desturi hii tangu ujana. Hakufikiri mara mbili. Alitoka uani na chupa mkononi.

Kisima cha uani ndicho kilichokuwa fahari yake. Alikichimba binti akiwa bado tumboni. Siku hizo alikuwa akichimbia watu visima mtaa kwa mtaa, na kwake hakuna hata shimo la panya, mganga hajigangi. Mkewe alikuwa akiteka maji mtoni. Jioni moja alimkuta amerudi, mgongo wote umelowa, ameketi kizingitini na ndoo mbele yake, hawezi kusema neno kwa uchovu. Kesho yake Mzee Kina, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alianza kuchimba. Maji ya kwanza yalikuwa ya chumvi. Watu wakamwambia afukie. Akaendelea, akalipita tabaka la mfinyanzi mweusi, mweusi kama sufuria ya kuni, na chini yake akakuta maji ya baridi, matamu, safi kama hewa. Mkewe alipopokea kikombe cha kwanza alicheka, kicheko kile cha kutupa kichwa nyuma, na hicho kicheko Mzee amewasimulia watu mpaka wanaokijua ni wengi kuliko waliowahi kumwona mwanamke mwenyewe.

Basi akasuuza chupa mara tatu, kama alivyomwona binti yake akifanya, akavuta mpini wa pampu, akaijaza mpaka shingoni. Akaifuta. Akarudisha mifuko na mafundo kama alivyoyakuta. Alijiona amefanya jambo la kiungwana kabisa: ametoa maji mafu, ameweka maji yaliyo hai.

Jioni walikula pamoja, watatu. Binti alikuwa na ule uchangamfu wake wa kabla ya safari. Kazi yake ilikuwa kupima aseniki, sumu inayolala kwenye miamba na kuchukuliwa na maji yanapopita, isiyo na rangi wala harufu wala ladha. Msimu huo wote alikuwa akipima maji ya mto, kwa sababu kulikuwa na mpango wa kuyasafisha na kuyaleta mtaani kwa mabomba, na hakuna bomba litakalofunguliwa kabla yeye hajasema mto ni salama. Mkataba wake ulikuwa unaisha na kazi hiyo. Mkuu wa maabara alikuwa amemwambia kwamba kazi ikitoka safi, ataajiriwa moja kwa moja.

"Chukua punje moja ya chumvi," alikuwa akimweleza mama yake, kwa mara isiyojulikana ya ngapi, "uitumbukize kwenye ndoo ndogo ya maji. Ingekuwa aseniki, hapo tayari umefika mpakani. Ikizidi hapo, maji hayo si ya kunywa."

"Na mimi nikizidisha chumvi kidogo tu kwenye mboga mnanuna wote," mama yake alisema.

Mzee alicheka, akaushika mkono wa mkewe uliokuwa ukimpa sahani. Kiganja kilikuwa na vipele vigumu, vidogo vidogo, kama punje za mtama zilizokwama chini ya ngozi. Vilianza zamani, vikazidi polepole, na hakuna aliyevijali. Alivipapasa kwa kidole gumba.

"Wewe ulichimba," mkewe alimwambia, "mimi ndiye niliyeota sugu."

Huo ulikuwa mzaha wao wa miaka. Walicheka wote, na binti akaenda kulala.

Siku chache baadaye binti alirudi kutoka maabara na kupita moja kwa moja mpaka ngazi ya mlango wa jikoni, akaketi bila kuvua viatu. Mama yake alimwita mezani mara mbili. Mzee alienda kuketi karibu naye. Kulikuwa na jua la jioni, lile linalofanya hata beseni la plastiki lionekane la dhahabu, na binti alikuwa akiitazama mikono yake ndani ya mwanga huo kana kwamba ni mikono ya mtu mwingine.

"Mto umeharibika?" Mzee aliuliza.

"Mto ni mzima, baba. Ni mzima kuliko tulivyotegemea. Aliyeharibika ni shahidi."

"Shahidi gani tena?"

Binti alieleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. Kila wakienda mtoni hubeba chupa moja isiyo ya mto. Inajazwa maabara maji yaliyochujwa na kuchujwa mpaka hayana chochote ndani yake. Chupa hiyo husafiri na nyingine, hufunguliwa palepale mtoni kwenye upepo uleule, hutiwa matone yaleyale ya asidi ya kuyahifadhi, hufungwa, hurudi. Hiyo ndiyo wanayoiita shahidi. Ikipimwa ikakutwa tupu, ina maana yote yaliyomo kwenye chupa nyingine ni ya mto. Ikikutwa na kitu, basi uchafu umetoka kwa watu: kwa mikono yao, vyombo vyao, uzembe wao.

"Na huyu alikutwa na kitu?"

"Mpaka ni kumi. Yeye alikuwa themanini na nne." Alianza kufungua kamba ya kiatu, akaiacha. "Mkuu anasema kama shahidi wangu yuko hivyo, hawezi kuamini namba yangu hata moja, hata za mwanzo wa msimu. Nimepima glavu. Nimepima asidi, sabuni, mirija, chupa zote za akiba, hata vumbi la dirishani. Zote hazina kitu. Nisipoonyesha ilikotoka kabla wiki haijaisha, kazi anapewa mwingine na mimi nifungashe." Akaigeuza mikono yake. "Labda ni mimi tu. Labda mimi ni mchafu na sijijui."

Jambo la kwanza lililomjia Mzee Kina lilikuwa aibu, na ilikuwa aibu nyepesi, ya mtoto aliyelamba sukari. Angesema tu: nilikuwa na kiu. Binti angefoka, angecheka, angekwenda kumweleza mkuu wake, mambo yangekwisha. Alifungua kinywa kabisa. Lakini kinywa kikiwa wazi, ile namba ilimfikia, imechelewa kama sauti inayofika chini ya shimo baada ya mtu wa juu kwisha kusema. Themanini na nne. Yeye hakuwa ameweka kitu kwenye ile chupa isipokuwa maji yake.

Alifunga kinywa. Alimwambia binti yake ale kidogo, akaondoka.

Uani alimkuta fundi cherehani na ndoo yake, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni. Mtaa mzima ulikuwa ukiteka pale na Mzee hakuwahi kumtoza mtu. Fundi alikuwa ameshashika mpini.

"Ngoja kwanza," Mzee alisema. "Pampu inaumwa."

"Inaumwa nini? Juzi tu umetuambia hii pampu itatuzika sote." Fundi aliuvuta mpini, na maji yakatoka kama siku zote, mazuri, yanameta. Alikinga kiganja akanywa, akajifuta mdomo. "Mgonjwa gani huyu anatema asali? Nenda kalale, mzee wangu, umekosa usingizi wako wa mchana."

Mzee alitazama koromeo la yule mtu likipanda na kushuka. Alitaka kuipiga teke ile ndoo. Alimwacha aende nayo, na kwa hilo alijichukia jioni nzima.

Ninyi mnaweza kusema: si aseme tu, kuna ugumu gani? Ugumu upo. Yeye hakuwa na shamba, hakuwa na cheo, wala hakuwa na picha ukutani akipeana mkono na mkubwa yeyote. Alikuwa na kisima. Akisema, binti anapona na kisima kinakufa, na kikifa kinakwenda na kicheko chake na kila kikombe alichowahi kumpa mtu kwa kujivuna. Asiposema, binti atatoka kwenye ile maabara akiamini kwamba ana mikono michafu. Alilala na hayo. Akaota mkewe yuko chini ya shimo, kijana, kikombe mkononi, anamcheka kwa furaha, na yeye juu akaishika kamba amvute. Kila alipovuta, kamba ililainika, ikawa maji, ikampita vidoleni. Mkewe hakuona. Aliendelea kucheka na kunywa.

Aliamka kabla jogoo wa jirani hajatoa kauli yake, akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Binti alipotoka na mkoba wake begani alimkuta hapo.

"Mwanangu," Mzee alisema, "yule shahidi wako nilimnywa mimi."

"Ulimnywa?"

"Alikuwa kwenye friji. Nilikuwa na kiu. Kisha nikajaza, kama tunavyofanya sisi."

Binti alicheka kwa mshangao, na Mzee akaiona nafuu ikimshukia usoni, ikimlegeza mabega, akajua kwamba mtoto wake alikuwa amejisikia mchafu kwa siku zote zile na sasa amejua yu safi. Alifurahi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na furaha yake vilevile.

"Ukajaza na nini, baba?"

Mzee aligeuza uso kuelekea uani. Binti aliyafuata macho yake, na kicheko kikamwishia mdomoni. Waliitazama ile pampu, imesimama kwenye mwanga wa kijivu na mpini wake umenyanyuka, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani.

"Sikuwahi kuyapima," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimezaliwa nikayakuta. Ingekuwa kama kukupima wewe."

Aliweka mkoba chini, akatoa chupa mpya. Alimwomba baba yake avute pampu, akaacha maji yamwagike kwanza mpaka yale yaliyolala kwenye bomba yaishe. Akasuuza mara tatu kwa maji yaleyale, akajaza, akadondosha asidi, akafunga. Kisha akafungua chupa nyingine ya maji yasiyo na kitu, akaitia asidi vilevile, akaifunga na kumpa.

"Huyu ni shahidi. Mshike wewe mpaka tufike. Safari hii usimnywe."

"Sina kiu," Mzee alisema.

Kwenye maabara alivalishwa koti jeupe lililombana mabegani, akaonyeshwa kiti. Chumba kilikuwa na ubaridi na mwanga usio na vivuli, na mvumo mmoja usiokoma ambao baada ya muda aliacha kuusikia. Mashine ilivuta maji kwa mrija mwembamba kama uzi, ikayageuza mvuke, ikaupitisha mvuke kwenye mwali mdogo. Binti alikuwa amewahi kumwambia kwamba kila kitu kikiungua kina mwanga wake, na mashine inajua kutambua wa aseniki tu. Mzee aliona jambo hilo ni la haki. Alianza kusinzia palepale kwenye kiti, macho wazi, na ikawa kama yuko tena chini ya shimo, ila safari hii shimo ni jeupe, na mtu anayemsemesha kwa upole ni binti yake.

"Huyu ni shahidi," binti alisema. Kwenye kioo cha mashine mstari ulipita umelala, kama ardhi tambarare.

"Na hiki ni kisima."

Mstari ulilala kidogo, kisha ukainuka. Ukaendelea kuinuka. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Kina na kimo anavijua.

Mkuu wa maabara, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja akatazama namba, akamtazama Mzee, akatazama namba tena. Alielezwa yote, pamoja na desturi ya dumu. Hakucheka, na kwa hilo Mzee alimheshimu.

"Mikono yako haina shida," alimwambia binti. "Nilikosea kukwambia vile. Andika taarifa ya mto, nitaitia saini." Kisha akamgeukia Mzee, akashika tu ukingo wa kiti chake, akaenda.

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa la mchana, ule wakati wa Mzee wa kulala, naye hakulala. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Binti alipiga magoti mbele yake, akauweka ungo pembeni.

"Mama, nipe mikono."

Alivifungua viganja vyake kwenye mwanga. Alipapasa zile punje moja moja. Akamvua ndala akatazama nyayo, na huko zilikuwa nyingi zaidi. Alifanya yote kimya na kwa upole mno, na Mzee aliyekuwa amesimama nyuma yake aliona upole ule ndio mbaya.

"Kwani vipi?" mama yake alisema. "Hizo si za leo. Baba yako alichimba, mimi ndiye niliyeota..."

Hakumalizia, kwa sababu hapakuwa na aliyekuwa akicheka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mzee Kina naye alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameacha kuchimba zamani, na sugu zake hazikuwahi kupungua. Alikuwa ameona. Miaka yote hiyo alikuwa ameona, akapapasa, akatania.

Binti alieleza. Alisema kesho watakwenda hospitali, wote watatu, na mtaa mzima utaambiwa leo hiihii.

"Vitatoka?" mama yake aliuliza.

"Tukiyaacha maji haya, huenda vikapungua. Huenda."

Mzee alikwenda stoo akatoa spana. Aliifungua nati ya mpini, ile aliyoikaza mwenyewe siku mke wake alipokuwa hawezi kuinama kwa tumbo, akauchomoa mpini na kuuegemeza ukutani. Fundi cherehani alikuja na ndoo yake, akasimama. Safari hii Mzee alimwambia yote, na wengine waliokuja akawaambia yote, mmoja mmoja, bila kuketi. Wapo waliomshika bega. Wapo walioondoka bila kuaga, naye hakuwalaumu.

Asubuhi yake, kabla ya safari ya hospitali, alichukua ndoo akashuka mtoni. Mabomba yalikuwa bado, na njia ilikuwa ileile, imejaa mizizi. Alipokuwa akirudi maji yalimmwagikia mgongo mzima. Alifika, akaitua ndoo, akaketi kizingitini, hawezi kusema neno. Mkewe aliyachemsha, akayaacha yapoe, akaja kuketi karibu naye na kikombe.

"Nimekunywesha sumu," Mzee alisema alipoweza. "Nilikuchimbia mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikakunywesha."

"Na wewe umekunywa. Na mtoto amekunywa. Ulijua?"

"Ulicheka, mke wangu. Kikombe cha kwanza. Kila mtu anajua ulivyocheka, yalivyokuwa matamu."

Mkewe aligeuka akamtazama kama mtu anayekumbuka alipoweka kitu.

"Matamu?" alisema. "Wee mzee. Ulitoka kwenye lile shimo umepakwa mfinyanzi mweusi toka utosini, yamebaki meno tu, na kikombe umekishika kwa mikono miwili kama unampelekea mfalme. Nilikuwa nakucheka wewe. Hayo maji hata sikumbuki kama niliyaonja."

Mkewe alikunywa maji ya mto kidogo, akakunja uso.

"Yananuka samaki," alisema, akampa kikombe kwa mkono wake wenye punje, naye akayanywa.